Uzito wa Kitabu Mwezi wa Nne

Mimi ni karani wa mizani, kituo cha chai, juu kidogo ya Tukuyu.
Napima majani mabichi, natoa uzito wa gunia,
naandika jina, naandika kilo, natia sahihi.
Kwa hiyo usinishangae:
mwezi wa tisa, majani haba, foleni fupi,
lori la kiwanda limekwama Katumba,
nilivipima vitabu vyangu.

Mizani ya chai haioni kitu chepesi kuliko kuku.
Nikaazima ya sukari, dukani kwa Anyosisye.
Akauliza, unapima nini? Nikasema, maneno.
Akanipa bila kuniangalia usoni.

Simu kwanza. Niliiachia hadithi moja tu tumboni:
gramu mia na tisini.
Nikashusha nyingine mia tatu, zile anazonitumia
mdogo wangu Gwamaka kutoka Uyole,
nikaiweka tena: gramu mia na tisini.
Nikagonga kioo kwa ukucha.
Mshale haukujali.

Kisha kitabu chenyewe, cha karatasi,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia,
alichoniachia shangazi Subilaga:
mia nne na kumi.
Mwezi wa nne nikakirudia, mvua ikiwa na wiki ya tatu:
mia nne thelathini na tano.
Kilikuwa kimekunywa, kimya kimya, kupitia ukutani.
Nani alisema kitabu hakina kiu?

Sipendelei. Kazi yangu hairuhusu.
Umeme ukikatika simu inasoma;
Tumpe amelala, nimejifunika blanketi hadi kichwani,
hakuna wa kuniuliza habari ya mafuta ya taa.
Macho yangu nayo yameanza kudai deni.
Herufi nazitanua kwa vidole viwili
kama mtu anayefumbua jicho la mtoto
kutafuta kibanzi.
Na panya wa darini
hawajajifunza kula mwanga.

Panya.
Walikula sura ya nne kabla sijajua kusoma.
Shangazi akifika pale penye meno yao
hakuruka. Alifumba macho, akaisoma vilevile:
mwanamke anavuka mto, maji kifuani,
mbuzi mabegani, mbuzi analia,
mwanamke anamwambia, nyamaza, hata mimi naogopa.
Kisha anafumbua macho, sura ya tano,
sauti ileile, kana kwamba karatasi haijakatika.

Miaka thelathini nimeishi na mto ule.

Juzi Gwamaka kanitumia kitabu hichohicho, kizima,
hakina hata alama ya jino.
Saa nane usiku nikafungua sura ya nne.
Mwanamke hakuvuka.
Alikaa ukingoni, akauza mbuzi kwa wapita njia,
akarudi kwao.
Nikasogeza ukurasa mbele, nikaurudisha nyuma,
nikadhani kidole kimeteleza.
Nikazima. Giza likabaki na umbo la kioo machoni.
Mvua juu ya bati.

Sikumlaumu simu. Ilisema ilichoandikiwa.
Sikumlaumu shangazi.
Lakini asubuhi nilimkatia mkulima mmoja kilo mbili kimakosa
na ilibidi nimfuate hadi kwenye migomba kumwomba radhi.

Jumapili, baada ya ibada,
nilichonga penseli.
Nyuma ya stakabadhi tupu za chai, tano,
nikaandika sura ya shangazi kama alivyoifumbia macho:
mto, kifua, mabega, nyamaza.
Nikazichomeka palipoliwa.
Zimezidi kidogo pembeni, kama shati ndani ya koti fupi.
Gwamaka anasema nizipige picha, nimtumie.
Nitampigia. Bado.

Jana nilirudi kwa Anyosisye.
Safari hii hakuuliza, alinisogezea tu mizani
na kufuta sukari kwa kiganja.
Mia nne arobaini na tisa.
Nikatoa za stakabadhi, kama ninavyotoa za gunia: gramu sita.
Nikapiga hesabu mara mbili.
Zimebaki nane juu ya zile za mwezi uliopita,
na sijui nimwandikie nani:
mvua,
au mbuzi.